Karantini ya Kiti cha Pweza

Baraza ya Sadallah, hapa Dunda, ina benchi la wanaume na pembe moja ya kwangu mimi, jiko langu la mkaa na dele la kahawa. Niliweka jiko hapo mume wangu alipofariki. Hakuna aliyenipa ruhusa, na hakuna aliyethubutu kuniondoa. Wanaokuja kila alasiri ni wawili. Kuna Mwinyimvua, tunamwita Chumvi kwa kuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, na kuna Seleman, tunamwita Hakimu, ingawa mahakamani alikuwa tarishi wa kubeba mafaili. Mwenye nyumba, Sadallah, alimpikia Mzungu mmoja wa mambo ya samaki miaka minne, na Mzungu alipokwenda kwao alimwachia tangi la kioo la kufugia viumbe vya baharini ndani ya nyumba. Watu walimcheka. Lakini mkewe, Biubwa, aliyekuwa hodari wa kuchokoa pweza miambani kuliko wanaume wengi, huu mwaka wa pili hasimami kwa nyonga. Tangi lile liko ubavuni mwa kitanda chake, chini ya dirisha la barazani, macho yake yapate kazi. Ndani anaishi kiti cha pweza mmoja, yule kiumbe wa miguu mitano kama nyota. Walikuwa wanne. Alasiri hiyo Sadallah alikuwa amepata mwingine, yumo ndani ya beseni la maji ya bahari, beseni liko juu ya benchi, na sisi tumelizunguka kama watu wa mahari.

— Jamani, nipeni shauri — alisema Sadallah. — Yule wa ndani ameanza kukunja ncha za miguu. Wale watatu walianza hivihivi, siku ya pili wakayeyuka kama sabuni. Nimtie huyu leo, mwenzake apate nguvu, au ningoje?

— Si ulisema Mzungu alikuachia amri? — aliuliza Chumvi.

— Aliniachia. Mgeni yeyote kwanza karantini. Akae peke yake, chombo chake, maji yake, kata yake. Ukimwona hana madoa, hanyong'onyei, ndipo umwingize kwa wenzake.

— Siku ngapi?

Sadallah akakuna kisogo. Ndivyo alivyo. Miaka minne jikoni, idadi ya mayai ya keki anaikumbuka, siku za karantini zimemtoka.

— Waambie na mimi nilivyosema! — sauti ya Biubwa ikatoka dirishani.

— Umesemaje, shoga? — nikamuuliza.

— Nimesema huyu wa ndani akiyeyuka, tangi litoke. Sitaki kuletewa vitu vife mbele ya macho yangu. Kufa nitakufa mwenyewe, sina haja ya kuonyeshwa namna yake.

Sadallah akatazama miguu yake. Nikammiminia kahawa, akaishika asiinywe.

— Siku zinajulikana — alisema Hakimu. — Miezi minne na siku kumi.

— Umezitoa wapi hizo? — nikamuuliza.

— Eda ya mjane, Bi Mardhiya. Yule wa ndani amefiwa mara tatu.

— Hakimu, kule mahakamani mafaili ulikuwa unayabeba au unayakalia? Mfiwa yumo tangini. Kwenye beseni yumo mgeni. Unamkalisha eda mchumba?

Chumvi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia msuli.

— Mimi nasema arubaini — akasema akijifuta. — Kila kitu kizito kina siku arubaini. Mzazi arubaini, hitima arubaini. Huyu katolewa kwao, ana uchovu, mwacheni apumzike siku arubaini humohumo.

— Humo besenini, wazi, juani? — nikamuuliza.

— Humohumo.

— Wewe kazi yako nini, Mwinyimvua?

— Si unajua? Chumvi.

— Mnaipataje?

— Tunayaacha maji ya bahari wazi, jua linayanywa, chumvi inab...

Akalitazama beseni.

— Malizia, mwanangu. Siku ya arubaini Sadallah atakuta nini humu?

— Chumvi — alisema Chumvi taratibu. — Yenye miguu mitano.

Sadallah akatuambia hilo analo tayari. Amepiga alama ya mkaa ubavuni mwa beseni kama ile ya tangini, na kule kila asubuhi maji yakishuka chini ya alama anaongeza maji ya mvua kidogo, si ya bahari, kwa sababu jua hunywa maji na kuacha chumvi. Tena baada ya kila sala huyateka maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, yashike hewa. Na maji yenyewe hayachoti hapa ufukweni, mto umeyachafua. Anatembea mbali na debe begani bahari ikijaa. Nilisikiliza nikawaza, mwanamume huyu hajawahi hata siku moja kunichotea maji ya kahawa. Lakini mume si wangu.

Hakimu naye alikuwa amechoka kusikia mambo ya maana. Akatia mkono besenini, akamwinua yule kiumbe, akamgeuza kutazama tumbo.

— Nataka nijue dume au jike. Hukumu inategemea hapo.

— Nani kamtoa majini? — Biubwa alipiga kelele. — Nasikia maji yanadondoka! Mrudishe! Kiti cha pweza hatolewi hewani, anaimeza hewa akaharibika ndani. Ukimhamisha, bakuli ndilo linaloingia majini, yeye hatoki!

Hakimu akamrudisha upesi kama aliyeshika kaa la moto.

— Dume au jike? — aliuliza Chumvi.

— Sikuona kitu. Hana mbele, hana nyuma, mdomo uko chini. Asiye na uso utajuaje anaumwa?

— Hapo ndipo penye dawa — Chumvi akasogea karibu. — Hawa ukiwakata mguu, si unaota mwingine? Basi. Unakata mmoja, unautia tangini uende ukapeleleze. Ukikaa salama siku tatu, mwenyewe anafuata.

— Na mguu ukishikwa na ugonjwa, mwenyewe atajuaje? — nikamuuliza.

— Atajua. Si mguu wake?

Nikamwona Sadallah anatupia jicho kisu changu cha kukatia kashata. Mtu aliyetishwa na mkewe hana akili nyingi. Nikakichukua kisu nikakiweka chini ya paja.

— Kule Unguja zamani — Hakimu akaendelea, sasa amesimama — meli yenye ndui ilitiwa karantini kisiwani na kupandishwa bendera ya manjano. Hili beseni halina bendera, ndiyo maana karantini haishiki. Nani ana kitambaa cha manjano?

— Weka na askari basi — nikasema. — Na paspoti.

— Bi Mardhiya unacheka, lakini mimi naona ni husuda. Mtaa mzima umepita chumbani mle kutazama. Nani ana hakika kila mtu alisema mashaallah?

Hapo wakashikana. Chumvi anasema karantini uwekwe mtaa, viumbe waachwe. Hakimu anasema kila aliyetazama aitwe mmoja mmoja, aape. Chumvi anauliza wataapa mbele ya nani, mbele ya kiti cha pweza? Sadallah yeye akainuka mara mbili kuchungulia dirishani, na mara ya pili alirudi uso umemwanguka.

— Mguu wa tatu nao umejikunja — akasema.

Wakati huo Mwishehe akafika na baiskeli yake. Huyu ni fundi wa kutia bati sufuria za shaba, anatoka Zinga, hupita kila mwezi, na habari za tangi hakuwa nazo hata kidogo.

— Asalaam alaikum. Shikamoo, Bi Mardhiya.

— Marahaba, mwanangu. Ingia kwanza umjulie hali Bi Biubwa.

Akapiga hodi, akaingia. Tukamsikia anamwamkia, anamuuliza usiku wake, anamwombea. Kisha maji yakichezwa. Alipotoka, mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Akaufungua mbele yetu. Kiganjani zilikuwa senti za shaba, zile za zamani zenye tundu katikati, zimeota kutu ya kijani, zina mchanga.

— Zilikuwa zimezama mchangani chini ya maji, upande wa ukutani, ukijani wa kutu ukanivuta macho. Nyingine zimo bado — akasema. — Nani kazitia?

Hakimu akachungulia ndani ya kikombe chake. Chumvi alikuwa akihesabu vidole vya miguu.

— Nauliza tu — alisema Mwishehe kwa upole. — Nyumba hii inapika kitoweo cha ndimu ndani ya sufuria ya shaba iliyotoka bati?

— Hata mtoto hapiki — akajibu Sadallah. — Nyumba nzima itatapika.

— Basi yule mmemlaza ndani ya maji ya chumvi na shaba, usiku na mchana, na hana pa kutapikia. Nani kazitia?

Sasa nikueleze. Sisi hapa kitu kizuri hatukitazami mara ya kwanza mikono mitupu. Mtoto mchanga unamtia kitu mkononi, bibi harusi akifunuliwa uso unamtunza. Waliopita chumbani mle walitazama, wakasema mashaallah, wakamtunza mgeni wa baharini. Na kwa kuwa ni watu wa Dunda, walimtunza kwa senti ambazo dukani hazipokelewi tena.

— Mimi nilikuwa nasikia tubwi, tubwi — alisema Biubwa dirishani. — Nilidhani kokoto za pambo.

— Mke wangu — Sadallah akaliegemea dirisha. — Nilitoe tangi?

Tukasikia Biubwa anajigeuza kitandani.

— Nilisema litoke akifa. Kafa?

— Hajafa.

— Basi likaoshwe. Lete beseni jingine na maji yako ya akiba, na bakuli. Nitamhamisha mimi mwenyewe, nyinyi mna mikono ya kubebea kuni. Akae karantini yeye sasa, na huyo mgeni abaki na yake. Siku nitazijua mimi.

Hakuna aliyebisha. Hakimu akachukua debe. Chumvi akachukua debe la pili, yeye ambaye kutwa nzima hushinda na maji ya bahari. Wakashika njia ya pwani nyuma ya Sadallah, bila kutazamana.

Nikabaki na Mwishehe. Alikuwa bado ameshika zile senti, anazipangusa mchanga kwa kidole gumba moja moja. Moja niliitambua. Ilikuwa na pengo ukingoni, nilikuwa nimeifunga upindoni mwa kanga mwezi mzima kabla ya kuitia tangini.

— Bi Mardhiya — akaniuliza — wewe unakaa hapa kila siku. Humjui hata mmoja aliyezitia?

Nikamwambia kahawa imekwisha. Dele lilikuwa limejaa nusu.