Samansi Iliyotazama Ukuta

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakimu, kitendawili! Mchana ameulaza uso ukutani, usiku anautoa nje sisi tukiwa ndani. Mchezo huu ukishindwa unatupa mji, lakini sisi mji hatuutaki. Tuachiwe vyumba vyetu tu. Jibu ni mlango wetu wa mbele.

KARIBU
Karibu uani kwetu na wote ulioongozana nao. Viti tumeazima, furaha ni yetu wenyewe. Asante kwa kutufundisha leo maneno ya mahakama. Kumbe samansi ni hati ya kumwita mtu aje asikilizwe! Sisi tulidhani ni ya kumhamisha.

HISTORIA
Tuko hapa wafua nguo, washonaji na wajukuu wasiosikia. Mlango wa kutokea ni huo mmoja. Unafungukia nje, asubuhi tunauegemeza ukutani na kuutia ndoano, jioni tunauvuta tukiwa ndani.

MAFANIKIO
Tumewahi kushtakiwa. Mwenye nyumba anataka vyumba aweke mashine za kusaga. Kesi ilikwenda vizuri mno, haikusumbuliwa na mtu, maana hatukuwapo. Ikatoka hukumu ya upande mmoja: tuhame mwisho wa mwezi huu.

CHANGAMOTO
Samansi ilibandikwa kwenye ule uso wa mlango unaotazama ukuta. Aliyebandika aliutoa kwenye ndoano, akabandika, akaurudisha taratibu kama alivyoukuta. Adabu hiyo tunaisifu. Tuliiona baada ya kuletewa hukumu. Kabla ya hapo ilisomwa na mijusi, nao hawakufika mahakamani.
Mpeleka samansi ameapa kwamba hakukuta mtu. Mheshimiwa, ilikuwa siku ya kufua! Siku hiyo hapa uani hata paka hukosa pa kupita.

MAOMBI
Tunaomba hukumu itenguliwe, nasi tuitwe upya, safari hii kwa mdomo. Masikio tunayo, ukiwatoa wale wajukuu.
Na huyo mpeleka samansi si yule hapo nyuma yako, aliyekushikia mkoba? Mwanangu, hatukuulizi kwa ubaya: siku ile ulipiga hodi?

Mheshimiwa, Mungu akupe afya, akupe na usingizi mtamu kila unapotoka kuhukumu.
Ni sisi, Wapangaji wa Mlango Mmoja. Amesoma bibi wa chumba cha kwanza.

Haya, mwanangu, naona umesimama. Usimtazame Mheshimiwa, nitazame mimi. Sema.

“Nilipiga, bibi. Mkaitikia ‘karibu’ wote kwa pamoja. Nikaona haya kuingia na samansi mkononi.”