Nilikuwa Chini, Nimeshika Soseti

Bamama na bapapa, munisamehe, leo sitaanza na wimbo. Nikiimba kwanza nitatulia, na nikitulia sitasema tena. Munanijua, mimi njo natunza vyumba vya wageni kwa ile nyumba ya etaji, ya ghorofa, hapa Mubi. Habari ya moto ule munaijua pia. Lakini kuna kipande kimoja hamukijui, na papa ambaye kipande hicho kinamuhusu amekaa humu ndani, fimbo yake kando ya benchi.

Munakumbuka ile chombo ilivyofika. Mwenye nyumba alijenga juu, juu, halafu akaogopa, sababu chini anauzisha esansi ya pikipiki na ngazi iko moja tu. Akaagiza Goma mufuko murefu wa kitambaa nguvu. Unafungwa kwa dirisha ya juu, muntu anaingia ndani yake, anateleza polepole mupaka chini, na mwenzake wa chini anashika mwisho. Tukaiita soseti, kama soksi ya muguu. Fundi aliyeileta alishuka nayo mbele ya soko nzima, akatokea miguu kwanza, shati imepanda mupaka shingoni. Mama moja akasema, "Huyu amezaliwa vibaya!" Tulicheka sana. Fundi naye akacheka, halafu akanigeukia: "Mama, hii usiifanyie kazi ingine, ata siku moja." Nikamuitikia ndiyo.

Halafu jirani yangu akafiwa na bwana yake, na mvua haikuwa na huruma. Munajua desturi yetu. Kilio ikiingia, kila nyumba inatoa kitu: kuni, unga ya fofo, ndizi, bashi, ile turubai ya kufunika batu. Mimi sikuwa na bashi. Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia haya. Mimi mwenye kulala nyumba ya etaji, niende mikono mitupu? Nikashusha soseti. Lakini mufuko haufuniki batu, kwa hiyo nikachukua wembe, nikaupasua upande wa chini, urefu kama wa batu wawili. Ikafunguka vizuri. Batu wakakaa kavu, wakanisifu, na mimi nikafurahi na hiyo sifa.

Kilio ilipoisha nikaikunja, nikairudisha kwa dirisha yake. Nilisema nitatafuta mushonaji kesho. Ngoja ngoja inaumiza tumbo, lakini yangu iliumiza muguu wa mwingine.

Moto ilianza siku ya soko. Muntu aliweka bidoni ya esansi karibu na mbabula yenye makaa ya moto. Ngazi ikajaa moshi. Juu walibaki wageni wawili: papa moja shofere, na mama moja wa kutoka Pinga mwenye mutoto mugongoni. Shofere akaangusha soseti, akaniona chini, akauliza kwa sauti: "Mama, iko muzuri? Nitangulie mimi, mama na mutoto wafuate?"

Hapa njo kuna kile kipande. Kisha moto niliwaambia ninyi wote kwamba kitambaa kilikuwa kimeoza, njo kikapasuka. Mukamulaumu fundi wa Goma, mukasema alituletea kitu kibovu, na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimeshika mwisho wa soseti kwa hii mikono, na kile nilichopasua kilikuwa mbele ya macho yangu. Nilitaka kusema. Haya ikanifunga kinywa, sababu nikisema imepasuka, wataniuliza nani aliipasua. Nikajidanganya kwamba pengine itamubeba. Nikamujibu, "Shuka, papa."

Alipofika pale nilipopasua akatoka nje, akaanguka juu ya mawe. Nilisikia mufupa.

Huko juu yule mama alikuwa ameshaingiza muguu moja. Njo sasa nikalia: "Usiingie! Imepasuka!" Jirani yangu, yule mufiwa, akakimbia. Akaita kamyo moja ya mizigo ya soko irudi nyuma mupaka chini ya dirisha, akapanda, akavua kikwembe chake cha kilio na kufunga pale palipopasuka, kama muntu anavyofunga mutoto mugongoni. Bamama wengine wakapanda, kila mumoja na kikwembe chake, fundo kwa fundo. Akiwa anafunga, jirani yangu alishika kile kitambaa cha soseti, akakitazama, akanitazama mimi. Alijua ni kile kilichomufunika yeye. Akakaza fundo ingine.

Mama wa Pinga alishuka, mutoto amemuhamishia kifuani. Wakatokea mikononi mwangu, mutoto anapiga chafya. Mukaniita shujaa. Mukaniletea kuku. Ile kuku nilishindwa kuichinja. Iko inataga mupaka leo, na kila yai inanihukumu.

Juzi jirani yangu akanikuta kisimani, akasema: "Dada, bashi yako ilinifunika, nakushukuru. Lakini hii siri yako usinibebeshe. Kila siku naona yule papa na fimbo, nachoka." Nililia pale pale. Yeye njo alinileta hapa, amekaa mulangoni nisikimbie.

Papa, fundi hana kosa. Ulianguka sababu niliona, na nikakuambia shuka. Naomba samahani, na sikulazimishi kunipa. Bamama wa bikwembe, aksanti. Hamukuuliza ni nani aliyepasua, mulifunga tu.

Fundisho langu ni fupi. Chombo cha kuokoa batu hakiazimwi, ata kwa kilio. Na ukishakosea, sema wakati muntu angali dirishani. Mimi nimesema wakati ameshashika fimbo.

Wimbo tutauimba. Lakini muache kwanza papa aseme.