Funguo za Mama Dilip

"Hivi Mama Dilip, moto ukiwaka dukani kwako mchana huu, utaufungua mlango au utaufunga?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo aliliuliza Mama Limi, mkaanga samaki, aliyekaa ukuta kwa ukuta na duka la Kantaben Velji hapa Shinyanga mjini. Ilikuwa mwaka 1983. Kantaben alicheka. Akasema, "Wewe kaanga samaki. Moto ninaouogopa ni huo wako." Swali hakulijibu.

Kantaben Velji amefariki Jumapili iliyopita. Sisi tulimwita Mama Dilip, kwa jina la mwanawe wa pekee. Leo tunamkumbuka yeye.

Alizaliwa Tinde, nyuma ya duka la baba yake. Kisukuma alikijua kabla ya Kiswahili. Akaolewa hapa mjini, akafiwa na mumewe akiwa bado kijana, akabaki na duka la vitenge na magodoro ya pamba. Mjane anajua: matanga yakiisha, wageni hupungua na macho huongezeka. Mama Dilip akajifunga funguo zake zote kiunoni, kwenye sari. Ulisikia mlio wake kabla hujamwona.

Mwaka ule mnaukumbuka. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Ukionekana na kipande cha sabuni, jirani anataka kujua umekitoa wapi. Na katikati ya hofu hiyo mji ukaanza kuzungumzia zimamoto, maana hatukuwa nayo. Tukaitwa kikaoni, kwenye darasa moja kule Kambarage. Nami nilikuwapo, benchi la nyuma.

Kwanza likaja wazo la kuomba gari la zimamoto. Mzee mmoja akasema, "Litakuja, halafu litabeba maharusi wa wakubwa." Tukacheka, lakini tulimwamini. Wengine wakataka tutegemee boza la maji la kiwanda cha pamba. Mama Limi akauliza, "Pamba ikiungua siku moja na sisi, boza litakwenda kwa nani?"

Ndipo akasimama Donatus Ngassa, fundi seremala. Alitaka kila mtaa uwe na kikosi chake, mapipa ya maji na ndoo za mchanga. Na kila mwenye duka aache ufunguo mmoja kwa kikosi, ili moto ukianza mlango ufunguliwe mapema.

Darasa likachafuka.

"Ufunguo?" akasema Liaquat, muuza vyombo. "Kaka, mwaka huu? Si uniombe na mke wangu kabisa!"

Mama Dilip naye akasimama, funguo zikalia. "Ngassa, nani amekutuma?"

"Sijatumwa, mama."

"Aliyetumwa husema hivyo hivyo."

Watu wakampigia makofi. Kikao kikavunjika bila uamuzi.

Haukupita muda, wasikilizaji wapendwa. Siku moja saa za adhuhuri moshi ulitoka chini ya mabati ya duka la Mama Dilip. Mama Limi akapiga mwano, lile yowe la Kisukuma la kuita watu kwenye hatari. Tukakimbia na ndoo. Tukamkuta Mama Dilip nje, mgongo mlangoni, kufuli limefungwa.

"Si moto," alisema. "Ni ubani. Nilikuwa nasali."

"Ubani gani mweusi hivyo?"

"Anaficha sabuni huyo!"

Donatus akafika na shoka. "Shikamoo mama. Naomba ufunguo."

"Marahaba. Hamtaki kuzima, mnataka kuona."

Walipokuwa wakishindana kwa maneno, moto ulivuka ukuta. Paa la Mama Limi likaungua lote. Hapo tu ndipo Donatus alipomsogeza mama yule pembeni, akavunja mlango.

Ndani hamkuwa na kitu. Vitenge vichache vilitundikwa mbele. Nyuma yake yalikuwa maboksi matupu, yamepangwa hadi darini, yanawaka.

Dilip ameniambia hivi juzi: "Hatukuwa na mali tangu masika. Mama alisema, tukiwaonyesha maboksi matupu, watatuuliza tumeficha wapi yaliyokuwamo."

Na kweli waliuliza. Pale pale, maji yakiwa bado yanachuruzika, mtu alisema, "Basi amehamisha." Hadi leo wapo wanaoapa kwamba mali ile ilikwenda Nyarugusu, kwa wachimba dhahabu. Mimi sikuona lori. Wao pia hawakuliona.

Kikosi cha mtaa kiliundwa baada ya kikao cha pili, na kimezima mioto tangu hapo. Hata Liaquat alileta ufunguo wake, ingawa alichelewa.

Tunampa pole Dilip, mkewe na watoto wao. Mungu, ajuaye yaliyo nyuma ya kila mlango, awafariji. Nasi tuliobaki tujiulize: jirani yangu akifunga mlango, nimemfundisha mimi kuniogopa?

Nimalizie na kikao kile cha pili. Mwenyekiti alimuuliza mbele yetu sote, "Mama Dilip, mali ilikwenda wapi?"

Hakumtazama. Alimtazama Mama Limi, ambaye siku hizo alikuwa analala chini ya turubai. Akafungua fundo la sari. Akatoa funguo zote: wa kufuli jipya la duka, wa stoo, wa nyumba, hata wa kabati la sala zake. Akaziweka mapajani mwa Mama Limi.

"Siku nyingine," alisema, "fungua wewe."

Liaquat akanong'ona, "Labda nyumbani anazo nyingine."

Alimsikia. Sote tulijua amemsikia. Akapita katikati ya mabenchi, kiunoni kimya, akatoka.