Alcide Guillory na Bakuli la Gumbo

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza mtu. Tunamkumbuka Alcide Guillory, mtoto wa hapa hapa mjini kwetu Opelousas, tuliyemzika mwezi uliopita. Alifungwa maisha akiwa na miaka kumi na sita. Narudia: kumi na sita. Hata ndevu hazijaota.

Tusifichane. Alcide aliua. Aliingia dukani kwa Bwana Fontenot na bastola ya kuazima, akapata kiwewe, akamfyatulia risasi. Hakimu akasema huyu hatoki mpaka afe.

Dada yake mkubwa, Ernestine, alizeeka akienda gerezani kumtazama. Kisha sheria ikageuka. Waliofungwa utotoni wakaruhusiwa kuomba parole, yaani kuachiwa kwa masharti. Ernestine akapaka rangi chumba cha nyuma. Alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake akae mezani kwake, ale.

Lakini bodi ya parole, inayoamua nani aachiwe, ina sharti lake. Mwaka mzima bila ripoti ya kosa gerezani. Mwaka mzima, wapendwa. Alcide alikuwa akiwahudumia wafungwa mahututi wodini. Mzee Hosea, aliyekuwa anakata roho, akaomba gumbo, ule mchuzi wetu mzito wenye bamia. Basi. Alcide akatoa bakuli jikoni, akalificha chini ya shati. Askari akamdaka. Eti wizi wa mali ya serikali! Shauri likasogezwa mwaka mwingine.

Siku ya kutembelea wafungwa, Ernestine alimfokea mbele ya wageni wote.

"Bakuli la gumbo, Alcide? Mimi napaka chumba rangi, wewe unanichezea na bamia?"

"Mzee alikuwa anakufa, dada."

"Na mimi je? Mimi jiwe?"

"Hata wewe ungempa. Usinidanganye, nakujua."

Ernestine akaondoka bila kuaga.

Claudine, binti wa Bwana Fontenot, aliposikia shauri limesogezwa alisema waziwazi: "Safi sana. Baba yangu hakuna aliyemsogezea siku." Hapo, wasikilizaji, namwelewa.

Kabla mwaka haujaisha, ini likamwangusha Alcide. Akalazwa wodi ileile. Akatamani gumbo. Mfungwa aliyemhudumia, Dewitt, hakumletea, maana naye alikuwa anaisubiri bodi. Alcide akafa na hamu yake.

Dewitt ameachiwa wiki iliyopita. Alikwenda moja kwa moja kwa Ernestine, kofia mkononi.

"Mama, aliniomba. Niliogopa ripoti."

Ernestine akamwekea bakuli mbele yake.

"Sikupi kwa upendo. Kaa hapo. Kula nikuone."

Dewitt akashika kijiko, akakirudisha, akaanza kulia.

"Kula, nimesema! Hicho kiti kilikuwa chake."

Akala. Ernestine alisimama pale pale mpaka bakuli likaisha, kisha akamwonyesha mlango.

Pole sana, Ernestine, na ukoo wote wa Guillory. Poleni nanyi wa kwa Fontenot, kidonda chenu bado kibichi. Ninyi wa bodi, najua mnanisikia huko kwenye magari yenu. Pole yenu sina.

Wapendwa, jioni hii mkikaa kula, ulizaneni mezani hapo hapo: nani kati yetu angembebea mzee Hosea bakuli lile?