Ukurasa wa Tisa wa Mzee Tijani

Mzee Tijani Marzougi alizaliwa Kairuan tarehe 9 Februari 1946, mtoto wa tatu wa Bwana Othman, mtengenezaji wa ngozi, na Bi Khadouja. Alikulia katika harufu ya chokaa na ngozi mbichi. Kabla hajajua kusoma, aliweza kupapasa ngozi akiwa amefumba macho na kumtaja mnyama wake.

Alianza chuo cha Kurani mwaka 1951. Mwalimu alilalamika kwamba mtoto huyu akipewa ubao wa aya huugeuza kwanza autazame mgongoni.

"Maneno yako mbele, Tijani!"

"Na nyuma kuna nini, Sidi?"

Alimaliza sekondari mwaka 1965, na mwaka 1967 akaajiriwa katika karakana ya hati za kale. Humo zilihifadhiwa kurasa za misahafu ya ngozi, zenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, zilizokaa chumbani msikitini kwa sababu maneno ya Mungu hayatupwi. Zilikuwa zimechanganyika vibaya. Kazi yake ilikuwa kuurudisha kila ukurasa kwenye msahafu wake.

Tarehe 12 Julai 1973 alimwoa Bi Mabrouka Hamdi. Siku ya hina bwana harusi alificha mikono, wakwe wakadhani anakataa ndoa.

"Hina ina mafuta," alisema. "Jumatatu nashika ngozi."

"Na mimi utanishika lini?" Bi Mabrouka akamuuliza mbele ya watu.

Waliishi pamoja miaka arobaini na minane. Nyumbani kwao makrudh, keki za tende zinazochuruzika mafuta, zililiwa uani, na kila aliyezila alitumwa kunawa mara mbili, hata kama hapakuwa na ukurasa wowote wa kushika.

Mwaka 1989 aliunganisha kurasa kumi na moja kuwa sehemu ya msahafu mmoja. Mwandiko ulikuwa uleule, mnene, mistari kumi na sita. Orodha ikachapishwa, akasifiwa. Agosti 1995 akiusafisha ukurasa wa tisa alipitisha kidole upande wa ngozi uliowahi kuota manyoya, akaketi chini. Zile kumi zilikuwa za kondoo. Huu ulikuwa wa ndama. Alitazama mwandiko akaisahau ngozi, yeye, mtoto wa Othman!

Kuanzia hapo, kila Januari aliiandikia ofisi ya karakana barua ya kuomba ukurasa ule uondolewe. Kila mara alijibiwa kwamba orodha imeshachapishwa. Alistaafu mwaka 2006, barua hazikustaafu. Bi Mabrouka ndiye aliyezipeleka posta.

"Ukurasa mmoja, Tijani! Nani ataujua?"

"Mama Neji, mimi naujua."

Novemba 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alipomwambia aache mawazo, mkewe alicheka kwa hasira mpaka muuguzi akaja kuangalia. Mzee Tijani alifariki nyumbani Alhamisi, 3 Machi 2022, akazikwa kesho yake baada ya sala ya Ijumaa.

Wiki iliyopita Bi Mabrouka alichoka kabisa. Alibeba nakala zote ishirini na saba za barua, akaenda ofisini, akakataa kiti.

"Mimi si mtaalamu," alimwambia mkurugenzi mpya. "Wewe ni mtaalamu. Nawa mikono, upapase."

Mkurugenzi alinawa. Alipapasa ukurasa wa nane, kisha wa tisa, kisha akarudia. Akautoa, akauweka katika kasha lake peke yake, akaandika tarehe.

Basi kwa idhini ya familia, na kama alivyotaka mwenyewe, inatangazwa katika arobaini yake: Tijani Marzougi alikosea mwaka 1989, na kosa hilo limesahihishwa.

Ameacha mjane, Bi Mabrouka. Watoto wawili, Neji na Saloua. Wajukuu watano wenye mikono safi kuliko watoto wote wa mtaa. Na ukurasa mmoja wa ndama ambao bado haujapata kwao.

Mungu ampe amani, apumzike. Mama Neji anasisitiza: apumzike kweli, safari hii.