Neno Ambalo Mama Mkwe Hakulisema

Ndugu zangu, Bwana wetu na asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Sijazoea kusimama mbele za watu, na jambo nililo nalo ni la chumbani, kwa hiyo mnivumilie. Nimemwomba mume wangu ruhusa, naye akaniambia, "Sema yote, usinipambe."

Nimezaliwa Mabira, nimeolewa Nyabiyonza. Tulipompata Neema, mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alihamia chumbani kwetu kunihudumia. Mume wangu akachukua godoro dogo, akalala sebuleni. Katika familia yao, mume harudi chumbani mpaka mama yake aseme. Kuuliza ni kukosa adabu.

Mama alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia, akanifundisha kumshika mtoto. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, hivyo huyu ndiye niliyemwita mama kwa moyo wote. Neema alipofikisha miezi miwili, Mama aliugua kifua ghafla. Wiki haikuisha, tukamzika shambani, kando ya migomba. Mpaka leo bado namlilia.

Matanga yakaisha, wageni wakaondoka. Mume wangu akabaki sebuleni.

Ukapita mwezi, ikapita mitano. Nikajiambia amenichoka. Tumbo lilikuwa limelegea, nguo zilinuka maziwa, nywele sijasuka. Na nisiwafiche, ndugu zangu: nilichanika wakati wa kujifungua, na niliogopa maumivu. Nilitaka arudi, na niliogopa akirudi. Sikumwambia hata moja kati ya hayo. Tulizungumza habari za mtoto na za kahawa tu. Akinipa kikombe, alikiweka mezani nikichukue mwenyewe. Hatukugombana hata siku moja, na majirani walitusifu. Kumbe ndoa ilikuwa inakufa kimya kimya.

Nikakunja nguo zangu na za mtoto, nirudi Mabira kwa baba.

Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti. Nilikuwa na mengi ya kumshtaki mume wangu kwa Mungu. Lakini kila nilipoanza, moyo uliniuliza: haya umemwambia mwenyewe? Nilikuwa sijamwambia. Nikainuka. Nilimkuta uani anaanika kahawa kwenye turubai. Nikachuchumaa upande wa pili, nikaanza kuisambaza pamoja naye, nisimtazame usoni.

"Baba Neema, umenichoka?"

"Nani kakwambia?"

"Godoro lako."

Mikono yake ikasimama. Akasema polepole, "Mama hakusema."

"Mama amefariki, Baba Neema."

"Najua. Nikirudi bila yeye kusema, ni kama nakubali kwamba hatasema tena."

Akalia. Siku ya mazishi wanaume walimwambia ajikaze, naye alijikaza hadi asubuhi ile. Mimi nikamweleza hofu yangu ya maumivu. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu, "Na wewe je?"

Kesho yake tulipanda bodaboda hadi Nyakakika, kwa mama mdogo, mdogo wa marehemu Mama. Alitusikiliza, akapiga makofi.

"Mmetoka kote huko kuniuliza hilo? Mtoto ana meno manne! Dada yangu angewachapa nyote wawili."

Kisha macho yakamjaa machozi. Akatuwekea mikono vichwani. "Kwa niaba yake, nasema mrudiane."

Godoro lilirudi chumbani. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba yote yalipona siku hiyo. Nilikwenda zahanati, muuguzi akanipima, akanishauri tusiharakishe. Kwa wiki kadhaa tulilala tumeshikana mikono tu, tukimzungumzia Mama, tukicheka alivyokuwa akimkaripia mume wangu kwa kumbeba mtoto kama mkungu wa ndizi. Mume wangu alingoja bila kununa. Mwili wangu ulirudi taratibu, na furaha ikarudi nao. Leo tunapendana kuliko tulipooana.

Namshukuru Mungu. Nilitaka aniondoe katika nyumba ile, yeye akanifungua mdomo. Dada yangu, kaka yangu, unayelala karibu na mwenzako na bado uko peke yako, mtumaini Bwana huyu. Mwombe. Na ukishainuka kwenye magoti, mfuate mwenzako alipo, umwulize.