Dawa Inayojua Njia ya Mfupani

Kijiwe chetu cha Msalato ni benchi moja na birika langu la kahawa. Asubuhi hiyo mwanangu mchanga alikuwa amelala mgongoni kwangu, na wateja wangu walikuwa wamebanana ukingoni ili mwenzao Bashiri anyooshe mguu. Bashiri alikuwa akipakia magunia ya mahindi kwenye soko la Kibaigwa mpaka mfupa wa mguu ulipoingia usaha. Vidonge vya hospitali vinamchafua tumbo, basi akatangaza: hamezi tena. Anasubiri dawa mpya aliyoisoma Rahimu, tunayemwita Bando kwa kuwa simu yake haikosi bando.

— Ni vichembe vidogo kuliko vumbi, Bando alisema. Vinabeba dawa mpaka mfupani, havishushi mzigo njiani.

Gideoni akacheka. Huyo tunamwita Mizani, kwa kuwa zamani alikuwa utingo wa malori.

— Lori gani limetoka Kibaigwa lisisimamishwe? Pale kwenye ini kuna geti la ushuru, kaka!

— Vinapita. Vimepakwa kitu kinachopenda chokaa, na mfupa una chokaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Basi vitaishia kwenye meno. Bashiri atachechemea huku anang'aa kama bwana harusi.

— Mizani, acha wivu, Bashiri akasema.

— Na leo umekunywa supu ya kongoro. Dawa itakuta ng'ombe tumboni, itashukia hapo hapo. Ng'ombe apone, wewe ubaki!

— Mfupa sikuumeza!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu langu halijavunjika, limeoza!

Tukacheka, hata yeye. Bando akazidisha:

— Ukishaimeza, usiegemee ukuta uliopakwa chokaa. Tutakubandua kwa koleo.

Hapo akafika Restuta, mgeni mtaani, kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, nimewasikia. Baba yangu naye ana mguu kama huo. Hiyo dawa inauzwa duka gani?

Bando akashika simu. Akapandisha kwa kidole, akashusha.

— Duka hawajaandika, akasema polepole. Wameandika panya. Bado wanaijaribu kwa panya.

Bashiri akatoa vidonge vyake vya hospitali mfukoni.

— Nani ana maji?

Mizani alikuwa ameshavuka barabara.

— Usimeze bado! akapaza sauti kutoka ng'ambo. Naleta maji na kiazi, kikutulize tumbo.